Usiape, Ihamishe Simu

Barua za mwezi huu karibu zote zina jambo moja: simu na watu wenye ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini. Nimechagua saba. Zile za "nitajuaje kama ninalo" nimeziweka kando kwa sababu nimeshazijibu mara nyingi na jibu halijabadilika: nenda kwa mtaalamu akupime. Video ya dakika moja haipimi mtu.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 9. Darasani hatulii hata kidogo, lakini akipewa simu anakaa kimya masaa matatu. Sasa huo upungufu wa umakini uko wapi? Au TikTok ndiyo imemletea? (Mama wa watoto watatu, Makorora)

Marahaba mama. TikTok haikumletea. Mwaka 1902 daktari George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake kule London akawaeleza habari za watoto wasiotulia na wasioweza kujizuia, ingawa akili zao ni nzima. Mwaka huo hata reli ya kutoka hapa Tanga ilikuwa haijafika Moshi. Tatizo hili hurithiwa sana ndani ya ukoo, na madaktari hawalithibitishi mpaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, tena mahali pawili au zaidi. Akitulia nyumbani na madrasa, akasumbua shuleni tu, kachunguzeni shule kwanza.

Hilo la kukaa kimya na simu ndilo linalowadanganya wazazi wengi, na jina lenyewe la tatizo linachangia. Umakini mwanao anao. Usukani ndio hana. Kitu kinachomlipa papo hapo humshika asibanduke, na kinacholipa baadaye humponyoka. Hesabu za kugawanya zinalipa siku ya mtihani. Video zinalipa kila baada ya sekunde chache. Kwa hiyo akitulia na simu usiseme "kumbe anaweza, basi ni kiburi". Hicho unachokiona ndiyo dalili yenyewe.

Lakini simu huchochea. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Los Angeles uliowafuatilia kwa miaka 2 vijana zaidi ya 2,500 wa sekondari ambao mwanzoni hawakuwa na dalili kubwa. Waliokuwa wakitumia mitandao mingi, mara nyingi kwa siku, walikuja kuonyesha dalili zaidi kuliko wenzao. Utafiti huo hauthibitishi kwamba simu ndiyo chanzo, maana huenda wenye dalili ndogondogo ndio wanaoikimbilia. Mimi umenitosha kusema masaa matatu ni mengi mno kwa mtoto wa miaka 9, awe na tatizo au asiwe nalo.

Na hili hukuniuliza: asipigwe. Nimefundisha miaka 31. Watoto kama wako nimewachapa kwa kusahau daftari, na kesho yake walisahau tena, huku wananiogopa. Ninaijutia kila fimbo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Daktari amethibitisha nina ADHD. Nafungua simu kutazama mshono mmoja tu aliotuma mteja, nikishtuka adhana ya alasiri inaadhiniwa na kitambaa hakijakatwa. Nimeapa niache, nimeshindwa. Nifanyeje?

Acha kuapa, mwanangu. Nalisema hili kila mwaka na nitalisema tena: kwa mwenye tatizo hili, kiapo hakisaidii. Kiapo ni kitu cha kukumbukwa, na kukumbuka katikati ya shughuli ndiko hasa kunakokupiga chenga. Picha ya mshono haijamaliza kufunguka, nia yako imeshatoka kichwani. Ndiyo maana wahamasishaji wanaowaambia watu "jitambue, amua, utaweza" wananiumiza moyo. Mtu anaamua kwa dhati, anashindwa, anabaki na kazi isiyofanyika pamoja na aibu, na aibu hiyo inamrudisha kwenye simu kutafuta faraja.

Tena unapambana na kazi ya watu hodari. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, baraza la kahawa lina saa ya kuvunjika. Mwaka 2006 mbunifu aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, ule ambao ukisukuma kidole vinakuja vingine na vingine. Baadaye yeye mwenyewe alijuta hadharani. Ikiwa aliyeutengeneza amejuta, wewe unajilaumu nini?

Kwa hiyo hamisha vitu, moyo wako uuache. Asubuhi kabla hujafungua kibanda pita steshenari, chapisha picha za mishono ya siku hiyo, bandika ukutani juu ya cherehani. Mteja akija na picha mkononi, ichore palepale kwenye daftari la vipimo akiwa mbele yako. Simu janja mpe jirani unayemheshimu. Usiiweke kwenye droo yako, droo iko karibu mno. Laini uliyoiandika kwenye kibao cha duka itie kwenye kiswaswadu: wateja watapiga, na malipo yataingia humo humo.

Jambo la pili ni muda. Wengi wenye ADHD hawausikii muda ukipita. Unahitaji saa kubwa ya ukutani, yenye mishale, uione ukiinua uso tu. Na kwa kuwa adhana inakushtua, ifanye iwe mpaka wa kazi: kati ya adhuhuri na alasiri, nguo moja ikatwe na iunganishwe. Ukishaswali alasiri kachukue simu yako dakika 20, na jirani ajue ni dakika 20. Siku utakayoshindwa, kesho mpe tena simu bila maelezo marefu.

Mwalimu nitajie programu nzuri ya kuzuia programu nyingine. (Kijana, Chumbageni)

Zifute hizo unazotaka kuzizuia. Jioni uliyotumia kutafuta kizuizi nayo imeshaliwa na simu.

Niko mwaka wa pili chuoni. Notisi, ratiba, hata tangazo la mtihani, vyote viko kwenye grupu la WhatsApp. Kuzima siwezi. Nikiingia kuchukua notisi naishia kwenye status za watu. (Binti wa Pangani)

Hapa lawama si yako peke yako, na walimu wenzangu wanisamehe. Tangazo la ubaoni linahitaji karatasi moja. Kumpitisha kijana mwenye upungufu wa umakini katikati ya mamia ya jumbe ili apate tarehe ya mtihani ni kama kumtuma mtoto atafute kalamu katikati ya mnada. Nendeni wawili watatu mkamwombe mhadhiri abandike. Mkiomba kwa adabu atasikia.

Kwa sasa, mtafute mwenzako mmoja mwaminifu akutumie ujumbe wa kawaida kila tangazo linapotoka. Notisi zipakue mara moja kwa siku, ukiwa umesimama wima, kisha zima data kabla hujaketi. Zenye kurasa nyingi zichapishe. Najua kuna gharama, lakini linganisha na bando unalolimaliza kwa status.

Na usisome peke yako. Kaa na mtu mwenye kazi yake, si lazima msome kitu kimoja wala mzungumze. Wengi wenye ADHD wanashuhudia kwamba kuwepo tu kwa mtu mwingine kunawashikilia kwenye kazi. Sisi tuliolelewa madrasa tunalijua: kila mtoto na juzuu yake, mkeka mmoja, na hakuna aliyeondoka. Tumia na kengele. Mwitaliano Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi miaka ya 1980, alichukua kengele ya jikoni yenye umbo la nyanya akawa anasoma dakika 25 na kupumzika 5. Wewe anza na dakika 10. Mapumziko yako yawe ya miguu: chota maji, anua nguo. Ukishika simu kwenye yale mapumziko, kipindi cha pili hakitakuwepo.

Mume wangu nikizungumza naye macho yako kwenye simu. Je, ana ADHD? (Sahare)

Muulize mama mkwe wako, mwanawe alikuwaje darasa la tatu. Akikwambia alikuwa mtulivu, mwenye kumaliza kila alichoanza, basi hayo unayoyaona sasa ni mazoea, na dawa yake ni mazungumzo yenu wawili.

Kuna mtu mtandaoni anauza vidonge vya kuongeza umakini. Rafiki yangu ametumia akafaulu. Na mimi niagize? (Raskazone)

Usiagize. Hata ukisoma hapa juu juu, hilo lisome vizuri.

Dawa halisi zipo, na zinawasaidia wengi. Moja ni methilfenidati, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944. Hiyo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hukata hamu ya kula, huvuruga usingizi. Ndiyo maana daktari hukupima kwanza, hukuandikia kidogo, kisha hukufuatilia. Anayekuuzia kwa picha hakupimi chochote, na kilichomo ndani ya kidonge chake hukijui. Mirungi nayo isikushawishi. Sheria inaikataza na usingizi inauua. Nenda hospitali ya Bombo ueleze kwamba unataka huduma ya afya ya akili. Litamke bila haya. Hapo si pa wenda wazimu, kama mitaani wanavyosema.

Na ukipewa dawa, usidhani simu imekwisha kuwa salama. Ukimeza kidonge halafu ukafungua Instagram, umakini ulioupata utaumalizia humo humo. Kitabu kiwe wazi mezani kabla hujameza.

Usiku nashika simu kidogo tu, nikitazama ni saa tisa. Nina ADHD na naishi chumba kimoja, sina sebule ya kuiachia simu. (Mikanjuni)

Wengi wenye tatizo hili usingizi wao huchelewa hata bila simu, kwa hiyo usijilazimishe kulala saa mbili. Lakini ubongo uliopunjwa masaa matatu ya usingizi, kesho utanaswa na kila arifa.

Usiniambie simu unaitumia kukuamsha alfajiri. Sababu hiyo nimeipokea mara nyingi mno. Saa ya kengele ya betri inauzwa sokoni, na bei yake si ya kukushinda. Chumba kimoja nacho kina pembe nne. Tafuta waya mfupi wa chaja, uchomeke mbali kabisa na kitanda, simu uiweke hapo ukitoka kuswali isha, imelala kifudifudi na data imezimwa. Kama soketi iko moja tu, kichwani pako, sukuma kitanda uende nacho upande wa pili.