Saa inalalamika, pumzi imetulia: nifuate ipi?

Swali: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 38, naishi Dar es Salaam, najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro. Nikikimbia kilomita kwa dakika saba na nusu naongea na mwenzangu bila shida, lakini saa inaonyesha mapigo 155 na kulalamika kwamba nimezidisha. Kwenye kikundi chetu cha jogingi nao wanasema asiyemaliza hoi hajafanya mazoezi. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, hao wote wawili waache kwanza. Saa imechukua 220, ikatoa umri wako, ikapata 182 kuwa kilele cha mapigo yako kwa dakika, na kwa hesabu hiyo 155 ni asilimia 85. Lakini 182 ni wastani tu. Mtu wa miaka 38 kuwa na kilele cha 170 au 194 ni jambo la kawaida kabisa. Ongeza joto na unyevunyevu wa Dar: damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, hivyo mapigo yanapanda ilhali kasi ni ileile. Na saa iliyolegea mkononi huweza kuhesabu mdundo wa hatua badala ya moyo. Ukitaka kuihakiki, simama, shika mshipa wa shingoni papo hapo, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne.

Kinachonikera zaidi ni hao wa kikundi. Kipimo cha jitihada cha 0 hadi 10, namba unayojipa mwenyewe kwa jinsi unavyohisi ugumu, kazi ya Gunnar Borg wa Sweden, watu wamekigeuza alama za mtihani: mwenye saba kamshinda mwenye nne. Siyo hivyo. Tatu na nne ni kuongea sentensi nzima nzima, kama unavyofanya wewe. Tano na sita, sentensi zinakatika. Saba na nane, unatoa maneno matatu hivi kisha unavuta pumzi. Tisa, hutaki hata kujibu salamu.

Ukikimbia mara nne kwa wiki, mara tatu ziwe kwenye namba tatu au nne, moja tu ifike saba. Anayekimbia kwenye namba sita kila siku huifikia siku ya kazi ngumu akiwa na miguu mizito, nayo inaishia sita vilevile. Miezi inapita, muda wake haubadiliki, anaanza kulaumu viatu.

Dakika kumi za mwanzo usijipe namba, pumzi bado inajipanga. Baada ya hapo jiulize kila kilomita, na ujiulize kabla ya kuangalia saa, maana ukishaiona kasi utataja namba ya kuilinganisha nayo. Siku ya mbio, kwenye kupanda kuelekea Mweka shikilia namba, kasi iache ishuke. Nusu saa baada ya kumaliza, toa namba moja ya zoezi zima, uzidishe kwa dakika ulizokimbia: dakika 60 kwa nne ni 240, kwa saba ni 420. Jumlisha kwa wiki. Jumla ikiruka ghafla, wiki inayofuata punguza.

Sasa hao wanaouza jedwali la mapigo kwa WhatsApp bila kumwona mtu akikimbia: wanakuuzia 220 ileile, imepakwa rangi tu. Wabaya zaidi ni wanaoshauri kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio, na kushushia kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini inapunguza jitihada unayoihisi, dawa inaficha maumivu, kwa hiyo namba unayojipa inakuwa ya uongo. Tena dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwili ukiwa umepungukiwa maji kwenye jua, figo zinaweza kushindwa kufanya kazi. Kwamba zinapatikana duka la dawa bila kuulizwa maswali hakuzifanyi kuwa salama kwa mkimbiaji.

Na wanaotumia atenololi kwa ajili ya shinikizo la damu wasijipime kwa saa hata kidogo. Dawa hiyo inazuia mapigo kupanda, mtu anaweza kuwa kwenye nane huku saa ikimwambia anatembea. Yeye aongozwe na pumzi, baada ya kuongea na daktari wake. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, hapo hakuna namba ya kujipa: unasimama na kwenda hospitali.