Umeniuliza kama tulikunyima kuchagua

Mwanangu,

Wa alaikumu salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara mbili jikoni na ya tatu nikiwa peke yangu barazani, watu wamekwisha lala. Unasema mwanao anatimiza miaka minne baada ya Ramadhani. Mumeo anaona mngoje, mtoto akikua atachagua mwenyewe dini aitakayo. Nawe umeshindwa kumjibu, kwa kuwa wewe mwenyewe hukuchagua. Kisha ukauliza: "Mama, mlikuwa na haki ya kututia katika dini yenu kabla hatujajua kusema hapana?"

Wako wa umri wangu watakaosema swali hilo ni utovu wa adabu. Mimi nimesomesha IRE, somo la dini ya Kiislamu, shule ya msingi mpaka nikastaafu, na maswali kama hilo niliyaombea dua yaje. Nimechukua siku tisa kukujibu kwa sababu sehemu ya jibu ni nzito kwangu.

Nianze na mumeo. Najua alilelewa katika nyumba ya Kiislamu isiyosali, na najua hasemi kwa dharau. Lakini huko kungoja mtakungojaje? Mtoto akishikwa na homa usiku, utamwekea mkono kichwani umsomee, au utanyamaza? Akifiwa na mtu wake atauliza amekwenda wapi, na atataka jibu usiku huohuo. Ukimpeleka shule, utaulizwa asome CRE ya Kikristo, IRE ya Kiislamu au HRE ya Kihindu, na utachagua moja. Wewe ulipozaliwa, marehemu babako alikuadhinia sikio la kulia hata kitovu hakijakauka. Nyumba isiyosema lolote juu ya Mungu nayo imemfundisha mtoto jambo juu ya Mungu. Kwa hiyo hilo la kumwacha mtoto mtupu mpaka akue, mimi sioni kama liko.

Umeniambia alikutajia Mkataba wa Haki za Mtoto. Naujua, Kenya iliuridhia mwaka 1990 na kazini tuliusoma. Kifungu cha 14 kinampa mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Kifungu hichohicho kinataka iheshimiwe haki na wajibu wa wazazi wa kumwongoza, kwa namna inayolingana na uwezo wa mtoto unavyozidi kukua. Mumeo amekushikia nusu ya kwanza. Sisi tulishika nusu ya pili, tena tukaikata mwisho wake. Wa miaka minne unamshika mkono. Wa kumi na sita hashikwi mkono, naye kakako tulimshika mpaka mkono ukateguka.

Sasa nikueleze, maana ulikuwa mdogo na mengine hukuyaona.

Kakako alikwenda chuoni, chuo cha Kurani, ana miaka sita, na ubao wake na furaha yake. Mwalimu wake, sitamtaja, alikuwa na bakora, na aliyekosea herufi alichapwa mbele ya wenzake. Mtoto akawa akirudi kanzu imelowa. Nilijua kwa nini imelowa. Niliifua, nikaianika darini, na kesho yake nikamvalisha nikamrudisha. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Nilijiambia ndivyo tulivyosomeshwa sote. Nikikaa mkekani baada ya Isha, kanzu ile ndiyo hunijia, hata leo.

Alipofika miaka kumi na sita alimwambia babako kwamba hasali tena. Babako akamwambia asiyesali asile kwake. Mimi nilikuwepo, nimeshika sinia, na sikusema neno. Akala kwa jirani wiki mbili, kisha akapanda basi akaenda Malindi, akapata kazi hotelini. Miaka minne hakukanyaga Lamu. Alikuja siku ya maziko ya babako, akasimama safu ya nyuma kabisa. Tangu siku ile hunipigia simu. Hajasema kama anasali, nami sijamuuliza.

Kwa hiyo haki ya kuwafundisha tulikuwa nayo. Haki ya kuwatisha na kuwafukuzia njaa hatukuwa nayo, na hilo naliomba radhi kwako kama nilivyoliomba kwake.

Lakini usichukue kosa hilo ukaliona ndilo lote. Nataka ujue kwa nini babako alishika kwa nguvu vile. Mama yake bibi yangu alizaliwa mtumwa hapa Lamu. Utumwa pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907. Kabla yake, na hata baadaye, elimu ya dini katika mji huu ilikuwa ya watu wenye nasaba, na mtu wa asili yetu alitakiwa ajue kusujudu tu, si kusoma. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyekuja kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, ndiye aliyekaa mtaa huu wa Langoni akawasomesha wale waliokuwa hawahesabiwi. Akaleta maulidi ya kusomwa kwa matari, ngoma ndogo za mkono, wakubwa wa mji wakanuna, wakasema ngoma haina mahali msikitini. Alifariki mwaka 1935 na Riyadha, msikiti na chuo alichokiasisi, ikabaki, na matari yanapigwa mpaka leo. Bibi yangu alikua akiyasikia matari hayo akajua na yeye ana mahali. Aliponifundisha Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, alikuwa akilia, na mimi mtoto nikidhani nimekosea. Babako naye alitoka katika watu wa namna hiyohiyo. Unaposema tulikupa dini yetu kabla hujaweza kukataa, kumbuka kwamba kwetu kilikuwa kitu tulichonyimwa. Kumpa mtoto kilikuwa kumpa heshima yake. Kakako alipokitupa, babako aliona mama yake bibi yangu ametupwa. Alikosea, lakini hicho ndicho alichokiona.

Baada ya maziko nilirudi kusoma yale niliyokuwa nikiyasomesha darasani. Ile sura ya Luqmani, mtu anamwita mtoto wake "ewe mwanangu" mara tatu, kila mara kwanza anamwita ndipo anamwambia la kumwambia. Na katikati ya wasia huo Mungu mwenyewe anamwambia mtoto: wazazi wakikushurutisha unishirikishe, usiwatii, na ukae nao kwa wema duniani. Miaka yote niliwaeleza wanafunzi nusu ya mwisho, ya wema. Ile ya kwanza, kwamba imani ya mtu haiwezi kuwa ya wazazi wake hata wakimshurutisha, niliipita haraka. Babake Nabii Ibrahimu alikataa imani ya mwanawe. Mtoto wa Nabii Nuhu aliitwa jahazini na babake mwenyewe, akasema atapanda mlima. Nuhu hakumfunga kamba, na maji yalipofika bado alimwombea. Na aya ya Baqara, hapana kulazimisha katika dini, tulikuwa tumeitundika ukutani, juu ya kiti alichokalia babako siku ile aliyomfukuza kakako.

Uliuliza pia, karibu na mwisho wa ujumbe, kama hatuwafundishi watoto kuwaona wengine maadui. Najua ulichokuwa ukikifikiria. Juni 2014, Mpeketoni, huku kwetu Lamu upande wa bara, na vijiji vya jirani, watu wenye silaha waliua watu zaidi ya 60, na wengine waliulizwa dini yao kwanza. Ulikuwa umemaliza shule mwaka ule. Utakumbuka mwalimu mwenzangu, Mkristo, watu wake wa Mpeketoni, aliyelala kwetu na watoto wake katika chumba chako. Asubuhi alikaa kwenye kiti cha babako akafungua Biblia yake, naye babako akainuka akazima redio, akasimama mlangoni watu wasiingie mpaka amalize. Alikuwa ni yuleyule aliyemfukuza kakako. Sijui kuyaunganisha mambo hayo mawili, lakini yote ulilelewa nayo, na hili la pili nakuomba umsimulie mwanao akifika umri wa kuelewa.

Kama unauliza nifanyeje, basi: mfundishe. Anza mwenyewe, nyumbani, Alhamdu na Kulhuwallahu, kabla ya kulala. Kama wewe husali, usimpeleke kwa mtu amfundishe usilolifanya, atakujua mapema. Ukitafuta chuo huko Nairobi, kaa nyuma siku mbili tatu uone mwalimu anafanya nini mtoto akikosea. Ukiona bakora, mchukue mwanao uende zako, hata kama ni chuo kinachosifiwa na kila mtu. Mumeo aseme naye yaliyo moyoni mwake, shaka zake asizifiche, maana mtoto atazisikia hata zikifichwa. Asilolijua mmoja wenu aseme hajui. Na siku mtoto atakapokwambia hapana, kama siku hiyo itakuja, mpakulie chakula kwanza. Mzungumze baadaye.

Ubao wako ungali juu ya kabati, nimeupangusa. Wa kakako aliuomba mwenyewe mwaka jana, nikampa bila kuuliza wa nini. Siku za Maulidi anasema atakuja. Njooni nanyi, mje na mumeo, nitawafanyia mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Mtoto mtampeleka Riyadha asikie matari, akichoka mtamrudisha alale.

Mama yako,
Langoni, Lamu