Maswali Yenu Kuhusu Spurs: Mi Nasema Madogo Waachwe Wakue

Toleo lililopita niliandika kwamba San Antonio Spurs, timu yetu ya kikapu kwenye NBA ya Marekani, wamefanya usajili mzuri kuliko watu wanavyodhani, na wengi hamkukubaliana na mimi. Naandika haya Septemba 2025, msimu wa 2025/26 ndo huo unakuja mwezi ujao, kwa hiyo nimechagua barua zile zilizonigusa zaidi nizijibu sasa kabla mpira haujarushwa juu. Nyingine zinauliza kitu kilekile, nimeziunganisha.

Kaka habari za kazi. Mimi ni shabiki wa Spurs tangu enzi za Tim Duncan na sijakuelewa kabisa. Staa Kevin Durant wa Phoenix Suns alikuwa anapatikana na habari zote zilisema San Antonio ni moja ya timu tatu alizozitaka. Tuna Victor Wembanyama, Wemby, yule senta wetu mrefu! Ungempa Durant pembeni yake si ubingwa ulikuwa mlangoni? Mbona tukamwacha akaenda kwa jirani zetu Houston?

Salama mkuu, na heshima kwako wewe wa enzi za Duncan maana mmeona mengi. Uchungu wako naujua, kwenda Houston ndo kulikouma zaidi, ingekuwa timu ya mbali huko tungesahau mapema.

Ila angalia hao Houston Rockets walitoa nini. Walimtoa Jalen Green aliyechaguliwa namba 2 mwaka 2021, wakamtoa Dillon Brooks, wakatoa chaguo namba 10 la drafti ya mwaka huu (drafti ndo pale timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu) na machaguo kadhaa ya raundi ya pili. Sasa sisi tungetoa nini? Phoenix wasingechukua tu Devin Vassell na Keldon Johnson wakaondoka wanacheka, wangemtaka kinda wetu Stephon Castle au lile chaguo namba 2 lililotupa Dylan Harper. Na Durant mwezi huu anafikisha miaka 37. Bado anafunga, hilo halina ubishi, lakini Wembanyama ana miaka 21, Castle ana 20, Harper ana 19, yaani ukijumlisha na De'Aaron Fox mwenye 27 unaona timu ambayo ubora wake haujaja bado, ubora wake uko miaka mitatu minne mbele, na huo muda Durant atakuwa amestaafu au anakaribia, halafu wewe umeshamtoa Castle ambaye muda huo ndo atakuwa moto.

Na kuna jambo moja la Spurs wenyewe. Juni 2022 walimtoa Dejounte Murray kwenda Atlanta, Murray aliyekuwa ndo kwanza ametoka kucheza All-Star, ile mechi ya mastaa wa ligi, na watu wakalia sana. Walichopata hasa ni machaguo ya drafti za baadaye. Misimu miwili iliyofuata tulishinda mechi 22 tu kila msimu, ile ilikuwa adhabu. Lakini mwisho wa msimu wa kwanza wa adhabu ndo akaja Wembanyama, na chaguo la Atlanta la 2025 limetupa Carter Bryant namba 14, na la mwaka 2027 bado lipo halijaguswa. Tumeshalipia hii subira kwa vipigo vyote vile, sa hivi ndo tuiuze kwa mtu wa miaka 37? Mi hapana.

Mimi swali langu ni hawa magadi, wachezaji wa kuongoza mpira. Fox, Castle, Harper. Wote wanataka mpira mkononi, wote wanapenda kuingia chini ya ringi na hakuna hata mmoja anayeshuti pointi tatu vizuri. Huoni timu itabanwa? Halafu Fox kapewa mkataba wa dola milioni 229!

Dada yangu, hili ndo swali la maana kuliko yote na wala sitalikwepa, maana hata mi linaninyima raha.

Namba ziko wazi. Castle msimu wake wa kwanza alishuti asilimia 28.5 ya pointi tatu. Fox alikuwa kwenye 31. Harper pale chuo cha Rutgers alikuwa na asilimia 33 na mstari wa vyuo uko karibu kuliko wa NBA. Mabeki wakiona hivyo wanarudi nyuma wote, wanajaza chini ya ringi, na Wembanyama anajikuta anatoka nje kushuti yeye. Msimu uliopita alikuwa anatupa karibu 9 za nje kwa mechi, mtu wa mita 2.24! Mi sitaki hivyo na najua na wewe hutaki.

Sasa sikiliza hesabu yangu. Mechi ni dakika 48, nafasi za gadi ni mbili, hizo ni dakika 96. Gawa kwa watatu, kila mmoja anapata 32. Hakuna anayekaa benchi usiku mzima akinung'unika, na karibu muda wote uwanjani wako wawili tu kati ya watatu, na kila dakika ya mechi kuna mtu mwenye uwezo wa kuvunja ukuta. Kumbuka timu ilivyokuwa ikimtegemea Chris Paul akiwa anaelekea miaka 40, akaanza mechi zote 82, na ilikuwa akitoka tu mpira unakosa mwenyewe. Paul alirudi Clippers mwaka 2025. Huo mzigo hauwezi kubebwa na mtu mmoja, ndo maana mi naona watatu sio wengi.

Halafu Castle na Harper wana miili mikubwa kwa magadi, Castle anaweza kumkaba hata fowadi, kwa hiyo kwenye ulinzi huna shida ya kuwaweka pamoja. Na ukikosea ukapitwa, nyuma yako kuna Wembanyama aliyekuwa anabloku karibu mitupo 4 kwa mechi. Ukiwa gadi mdogo una mtu kama huyo nyuma unaweza kukaba kwa ujasiri, unamsogelea mtu hadi anakosa hewa.

Ila kushuti lazima wajifunze, hapo hatubishani. Na kujifunza kunawezekana. Kawhi Leonard chuoni alikuwa anashuti chini ya asilimia 30 za pointi tatu, akaja Spurs mwaka 2011, msimu wa kwanza tu akafika asilimia 37. Aliyemshika mkono ni Chip Engelland, kocha wa kushuti aliyekuwepo San Antonio miaka mingi, ndo huyohuyo aliyemnyoosha Tony Parker. Engelland aliondoka 2022 kwenda Oklahoma City na mi nadhani hakuna usajili wa mchezaji tuliofanya unaozidi umuhimu wa kuwa na mtu wa aina ile tena. Hilo ndo lalamiko langu kwa uongozi, watu wanapigia kelele majina makubwa mi napigia kelele mtu wa kukaa na Castle baada ya mazoezi, mitupo mia tano kila siku, kiwiko ndani, miguu chini, mpaka imkae mwilini.

Kuhusu hela za Fox, ni nyingi, miaka 4 kuanzia 2026/27. Lakini Castle na Harper wako kwenye mikataba ya makinda, ile ya raundi ya kwanza ambayo miaka miwili ni ya uhakika na miwili inayofuata timu ndo inaamua. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ya mkataba wa Fox hawa wawili bado ni bei rahisi. Joto litakuja wakianza wote kudai mikataba mikubwa, hapo mmoja wa watatu huenda akaondoka, na atakuwa na thamani mara mbili ya leo. Fox mwenyewe tumemuona mechi 17 tu kabla hajafanyiwa upasuaji wa kidole, hajacheza na Wembanyama hata mwezi mzima. Tuwaone kwanza jamani.

Shikamoo kaka. Mimi nasoma sekondari na ninampenda sana Wemby. Nilisikia alikuwa na damu iliyoganda nikalia. Amepona kweli?

Marahaba mdogo wangu, na hukulia peke yako. Ilikuwa Februari, mara tu baada ya All-Star, wakagundua damu imeganda kwenye mshipa wa ndani wa bega la kulia, msimu wake ukaishia mechi ya 46. Watu waliogopa kwa sababu ya Chris Bosh wa Miami, yule damu kuganda ndo kulimaliza mpira wake. Pia dawa za kuzuia damu isigande zinafanya mtu atokwe na damu kirahisi, huwezi kumwacha mtu anayezitumia agongane na masenta.

Julai alisema mwenyewe ameruhusiwa kucheza. Na hakulala tu kipindi hicho, alienda China akafanya mazoezi na watawa wa hekalu la Shaolin, kanyoa kichwa kabisa, halafu akakaa na mkongwe wa NBA Hakeem Olajuwon kujifunza miguu ya chini ya ringi, na mkongwe mwingine Kevin Garnett pia. Hiyo ya Hakeem ndo imenifurahisha mimi. Ukiona msimu huu anageuka na bega la kushoto anaweka mpira taratibu badala ya kushuti akiwa mbali, ujue ametoka na somo. Soma vizuri na wewe, usiku wa mechi ulale mapema ya marudio utaiona.

Hivi Spurs wanaiba drafti au? David Robinson, Duncan, Wemby, na mwaka huu tena namba 2. Haiwezekani kila siku wao.

Hakuna wizi kaka, hebu tuangalie. Loteri ni bahati nasibu ya nani achague kwanza kwenye drafti, na ni ya timu 14 zilizokosa pleyofu, yaani mtoano wa ubingwa. Tangu 2019 timu tatu mbovu kabisa zina nafasi sawa ya namba 1, asilimia 14 kila moja, kwa hiyo hata ukiwa wa mwisho kabisa kuna asilimia 86 hupati. Mwaka huu sisi tulikuwa wa nane kwa ubovu, asilimia 6, tukaruka mpaka namba 2. Bahati hiyo, nakubali. Lakini Dallas walikuwa na asilimia 1.8 wakachukua namba 1 na Cooper Flagg, mbona hao hamuwasemi!

Kinachonikera kwenye hii hoja ni kwamba inafuta kazi. Robinson 1987, Duncan 1997, Wembanyama 2023, sawa, hizo tatu ni mipira ya loteri. Manu Ginobili alichaguliwa namba 57 mwaka 1999, lilibaki jina moja tu drafti iishe. Tony Parker namba 28. Ubingwa wa 2003, 2005, 2007 na 2014 una hao watu ndani. Na huyo Castle alichaguliwa namba 4, watatu waliitwa mbele yake, na mwisho wa msimu tuzo ya mchezaji bora mpya ni yeye.

Tutaweza bila Popovich?

Hili nimeulizwa na watu zaidi ya kumi. Pop alipata kiharusi kidogo Novemba mwaka jana na Mei akaachia ukocha baada ya misimu 29, ushindi 1,422, hakuna kocha wa NBA aliyewahi kufika hapo. Hajaondoka, ndo mkuu wa masuala ya mpira pale klabuni. Mitch Johnson aliyemshikia ndo amepewa timu moja kwa moja.

Mi nampa muda. Aliachiwa timu baada ya mechi 5 tu, mzee wao anaumwa, halafu Februari akampoteza Wembanyama, na baadaye Fox. Timu ikamaliza na ushindi 34, kumi na mbili zaidi ya msimu wa nyuma. Ukimpima Johnson kwa lile kundi la Machi na Aprili unamwonea. Nitakachomwangalia ni kimoja, dakika tano za mwisho mechi ikiwa ngumu, je anamwacha Castle uwanjani hata kama amekosa mitupo miwili? Kinda akitolewa kila akikosea anaanza kucheza huku anaangalia benchi.

Wengine je? Kornet, Olynyk, Bryant. Na mbona husemi kitu kuhusu Sochan?

Luke Kornet nampenda, katoka Boston ana pete ya ubingwa ya 2024, anajua kuweka skrini (kusimama kumzuia beki ili mwenzake apite) na kukaa sehemu sahihi, na Wembanyama akipumzika hatutabomolewa tena kama ilivyokuwa. Kelly Olynyk ni senta anayeshuti, tumempata kutoka Washington kwa kuwatoa Malaki Branham na Blake Wesley, wote makinda wa drafti ya 2022. Hawa wawili nawatakia heri kwa moyo wote, walikuja timu ikiwa inapigwa kila usiku na hawakupata kocha wa kuwaangalia wao tu.

Hapo ndo nakuja kwa Jeremy Sochan, namba 9 wa drafti hiyohiyo. Katika wale watatu, hadi Septemba 2025 alikuwa kabaki yeye. Walimjaribisha hadi kuwa gadi wa kuongoza timu mwanzo wa msimu wa 2023/24, dogo wa fowadi kabisa, na mi naona ile ilimrudisha nyuma. Anakaba, anapambana, ila hashuti, na kwenye timu ambayo magadi nao hawashuti nafasi yake inazidi kuwa finyu. Naomba nikosee.

Bryant msimsubiri mapema. Pale chuo cha Arizona alikuwa anatokea benchi muda mwingi, ana miaka 19, ana mwili wa kukaba na mtupo wake wa nje uko vizuri. Akipata dakika 10 kwa mechi mwaka huu inatosha. Na Harper kidole gumba kimefanyiwa upasuaji mwezi huu, mkono wa kushoto ambao ndo anautumia kushuti, kwa hiyo mkimuona anaanza taratibu Oktoba na mitupo inagonga chuma, msianze kuniandikia kwamba tungemchukua Durant.