Shokishoki na perege kwenye uwanja mmoja

Dada, umesema una bwawa la perege la mita 3 kwa 4 hapo Muheza, alfajiri samaki wanakuja juu wakihema, na unataka kupanda mti wa matunda wa shokishoki (rambutan) pembeni. Anza na samaki. Hiyo ni kukosa hewa: usiku mwani na samaki wote wanatumia oksijeni, na maji yakiwa ya kijani sana, kabla ya jua hali ndiyo huwa mbaya zaidi. Leo usiwalishe. Toa robo ya maji, ingiza mapya yakidondoka kutoka juu yapige povu. Kisha tumbukiza mkono hadi kiwiko; kama kiganja hukioni, maji bado ni ya kijani mno, samadi usitie tena bwawani kwanza.

Maji uliyotoa mwagilia shokishoki, yana rutuba nzuri. Mche chukua uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti unaozaa. Mimi niliulea wa mbegu miaka 8, ukachanua vizuri, kumbe mti dume, hauzai. Iliniuma sana. Upande mbali kidogo, mita 6 hivi, majani yasije yakaozea bwawani. Na tafadhali dada, dawa ya ukungu yenye shaba usiipulizie karibu na maji, inaua samaki.