Maswali ya Cherehani Kuukuu: Badili Sindano Kwanza

Naomba tena, kama nilivyoomba huko nyuma: ukiandika, taja aina ya cherehani, nambari iliyogongwa kwenye mwili wake, na lini tatizo lilianza. "Cherehani yangu mbovu, nifanyeje?" si swali.

Shikamoo fundi. Marehemu bibi ameniachia Singer nyeusi yenye nakshi za dhahabu. Jirani anasema hizi za zamani zina zebaki nyekundu na kuna mtu atainunua kwa mamilioni. Nimuuzie? (Tanga)

Marahaba. Utamuuziaje mtu asiyekuwepo? Ndani ya Singer hamna zebaki nyekundu, hiyo mali ya kufikirika inayodaiwa kuwa na thamani kubwa, na haijawahi kuwamo. Mwaka 2009 uvumi huu uliikumba Saudi Arabia. Cherehani mbovu zikatajiwa bei hadi riyali 200,000, na watu wakawa wanasogeza simu ya mkononi karibu na sindano, eti laini ikikatika ndipo mali ipo. Ilibidi polisi waanze uchunguzi. Huku kwetu uongo huo huja na dalali anayetaka kwanza "hela ya kupimia". Ukishamlipa, laini inayokatika ni ya kwake.

Ukitaka kujua ulichonacho, tazama nambari iliyogongwa upande wa kulia, chini ya gurudumu la mkono. Nambari tupu isiyo na herufi ni ya kabla ya 1900. Ikianza na F au Y, au E ikifuatwa na herufi nyingine, cherehani ilitoka Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. G ni Elizabeth, New Jersey, Marekani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo uzee peke yake hauipandishi bei. Faida yako ni kwamba ikisafishwa itashona sare za shule za wajukuu zako. Hilo hakuna dalali atakayekuambia.

Inaruka mishono. Nimebadili uzi, nimebadili kitambaa, fundi wawili wamekuja na bado. (Morogoro)

Umebadili kila kitu isipokuwa sindano. Weka mpya, isukume hadi juu kabisa ndipo ukaze skrubu. Upande wake bapa uelekee ilipo bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, na uzi uingie kutoka upande wenye mfereji mrefu. Ikiwa imegeuka, hata fundi kumi watakula nauli yako bure.

Fundi, cherehani ya mama ilikaa stoo miaka mingi na sasa imeganda, haizunguki kabisa. Kijana wa gereji anasema niimwagie oili ya injini na kuigonga kidogo kwa nyundo. Mwingine kasema mafuta ya alizeti. (Kisumu)

Nyundo irudi gereji. Mwili wa cherehani hizi ni chuma cha kalibu. Hakipindi, kinapasuka, na kikipasuka hapo tena hakuna tiba. Mafuta ya alizeti ndiyo pengine yaliyoifikisha hapo: mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka gundi ya kahawia, na gundi hiyo ndiyo wengi wenu mnayoiita kutu. Oili ya injini ni nzito mno, inakusanya vumbi na kuchafua nguo ya mteja.

Anza kwa kutafuta uzi. Fungua bamba la pembeni na bamba la chini ya sindano, utoe nyuzi na manyoya yote kwa brashi na kibanio. Angalia hasa pale bobini inapokaa, kisha nyuma ya gurudumu la mkono, maana nyuzi hujizungusha hapo hadi zikaikaba. Halafu tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila sehemu inayosuguana. Iache hadi kesho. Fanyia kazi hii uani, mbali na jiko na sigara. Nimeona meza iliyoungua. Kesho yake jaribu kulisogeza gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Likikataa, ongeza matone usubiri tena. Siku tatu nne si nyingi kwa mashine iliyolala miaka.

Ikishalegea, futa mafuta ya taa yote. Yenyewe huyeyusha gundi lakini hayalainishi, na ukishonea hayo utasaga chuma kwa chuma. Ndipo utie mafuta ya cherehani, yale mepesi meupe, tone moja kila mahali. Zungusha, ushone kwenye matambara mpaka yasitoke madoa.

Gurudumu linazunguka lakini sindano haishuki. (Bukoba)

Ulijaza bobini ukasahau kukaza skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu. Kama imekazwa, basi kuna mtu aliifungua na kurudisha washa yake (kile kipete cha chuma chini ya skrubu) kinyume. Itoe, igeuze, funga tena.

Nataka kuifanya iwe ya kisasa: niifute kwa spiriti, niipige rangi nyeupe, na miguu yake ya chuma niifanye meza ya mkahawa wangu. Ushauri? (Dar es Salaam)

Ushauri wangu ni kwamba usifanye hata moja kati ya hayo matatu. Ule mng'ao wa juu ya nakshi za Singer za zamani ni shelaki, aina ya vanishi, na spiriti huiyeyusha palepale. Utaona dhahabu inakuja na kitambaa, na hairudi. Maji ya sabuni kali nayo huiharibu. Tumia mafuta yaleyale ya cherehani kwenye pamba laini, taratibu, uchafu utatoka wenyewe.

Rangi ya kupuliza inaingia kwenye matundu ya mafuta na kuziba. Kuhusu meza, hapa sitakuwa na adabu. Kila stendi ya miguu inayowekewa kioo na vikombe vya kahawa ni ajira imeondolewa barazani. Mahali umeme unapokatika kila jioni, cherehani ya miguu haimjui TANESCO wala KPLC. Kama mkahawa unahitaji meza, maseremala wapo.

Bobini niliyonunua haiingii. (Nakuru)

Haiingii wapi? Singer aina ya 15 inatumia bobini bapa, na Butterfly ya Shanghai tuliyoizoea imeigwa humo, kwa hiyo vifaa vyake vingi vinaingiliana. Aina ya 66 na 99 bobini zake zimebinuka kidogo pembeni. Aina ya 27 na 127 zina bobini ndefu nyembamba inayokaa ndani ya kichombo chenye umbo la risasi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Shangazi ameniletea kutoka Marekani cherehani ya umeme ya miaka ya 50. Naweza kuchomeka moja kwa moja? (Arusha)

Hapana! Mota ya kule ni ya volti 110, ya ukutani kwako ni 230. Itanuka moshi kabla hujamaliza pindo. Tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha, na kabla ya hapo mwonyeshe fundi umeme nyaya zake. Mpira wa nyaya za umri huo hukatikakatika ukiukunja, na ile pedeli ya chuma unaikanyaga kwa mguu wako mwenyewe. Ikiwa mota yake imefungwa nje ya mwili, unaweza kuitoa na mahali pake ufunge mpini wa kuzungushia gurudumu kwa mkono, na bili haitapanda.

Nashona mikoba ya vipande vya kanga na kuweka picha kwenye magrupu ya WhatsApp. Wateja wanasema ni ghali, na wenzangu wananiiga. Nishushe bei? (Mombasa)

Usishushe. Andika saa ulizotumia kukata, kushona, kugeuza na kupiga pasi, ndipo ujumlishe na kitambaa, zipu na uzi. Wengi wenu mnauza kwa bei ya kitambaa na kutoa kazi sadaka, kisha mnasema ushonaji haulipi. Ukiona mtu anakuiga, mwache aige. Mshono wa ndani hauonekani kwenye picha, na hapo ndipo mteja anarudi kwako au harudi.

Ila nina neno na wewe kuhusu kanga zenyewe. Zifue kwanza, kila rangi peke yake, maana nyekundu ikichuja juu ya nyeupe mkoba umekwisha. Na ukikata doti, usipitishe mkasi katikati ya jina. Nimeona mkoba ulioandikwa nusu ya methali, na nusu iliyobaki ilikuwa tusi.

Cherehani ya mkono inaweza kushona jinzi? (Muscat)

Inaweza. Sindano namba 16 au 18, mshono mrefu kiasi, na mishono inapokutana zungusha polepole. Ikianza kugonga, simama.