Kuinua Pikapu kwa Inchi Moja au Mbili: Maswali na Majibu

Maswali haya yote yanahusu jambo moja: mwenye gari anataka kuinua pikapu yake kidogo, nyumbani au kwenye gereji ya mtaani, bila kuiharibu. Majibu ni kwa kuinua kusikozidi milimita 50. Ukivuka hapo, mikono ya juu (vyuma vinavyoshikilia tairi kwenye chasi), shokapu na mipira ya breki vyote hubadilishwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Nina Hilux Vigo ya 2010, 4x4. Nataka kupandisha mbele milimita 40 kwa spesa. Nitaliua gari?

Hutaliua, mradi ujue unene wa spesa, yaani kipande kinachowekwa juu ya shokapu. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Shokapu ya mbele imekaa karibu na katikati ya mkono wa chini, haiko kwenye tairi lenyewe. Kwa hiyo milimita 1 unayoongeza juu ya shokapu huwa karibu milimita 2 kwenye tairi. Ukitaka 40, tafuta spesa ya 20. Ukifunga ya 40 gari litapanda karibu 80, na hapo ndipo boljointi (kiungo kati ya mkono na upande wa tairi) na draivu shafti (chuma kinachozungusha tairi) huanza kufa.

Spesa ya juu hurefusha shokapu nzima. Tairi likining'inia linashuka chini kuliko kiwanda kilivyokusudia: boljointi ya juu inafika mwisho wake, sivii jointi (kiungo kinachopinda cha draivu shafti) inapinda kupita kiasi, na mkono wa juu unaweza kugusa koili. Kuna madhara ya pili yasiyoonekana: kwenye shimo kubwa, shokapu inaweza kugonga mwisho ndani kabla ya raba ya chini kupokea pigo. Shokapu ikianza kuvuja miezi michache baada ya kazi, shuku hilo kwanza.

Ukimaliza kufunga, pima hivi. Inua gari kwa chasi, liweke juu ya stendi imara (jeki peke yake haitoshi), uache matairi yote mawili yaning'inie. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, huku mwenzako akizungusha tairi kwa mkono. Likikwama au ukisikia mlio wa kugota, spesa ni nene mno. Tazama pia mipira ya sivii jointi: mikunjo yake ikisuguana, itachanika, grisi itatoka na mchanga utaingia.

Onyo moja la kuokoa maisha. Juu ya shokapu kuna nati tatu ndogo na moja kubwa ya katikati. Unafungua zile tatu. Ile ya katikati ndiyo inayoizuia koili iliyobanwa. Ukiifungua bila vibanio vya koili, itaruka kwa nguvu ya kuvunja taya.

Pesa ikiruhusu, nunua koili zilizotengenezwa kupandisha 40 pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Na kama koili zako zimelala kwa umri, badilisha kwanza kwa mpya za kawaida upime. Huenda ukapata nusu ya urefu unaoutaka bila spesa yoyote.

D-Max yangu ni ya 2008. Fundi alikaza boliti mbili chini ya gari likapanda, lakini sasa ni gumu kama mkokoteni. Springi zimekazwa mno?

D-Max za wakati huo zina vyuma virefu vya kusokota mahali pa koili. Kukaza boliti hakukifanyi chuma kuwa kigumu zaidi. Kunabadilisha tu pale kinapoanzia kusokotwa. Ugumu unaousikia unatoka kwenye raba inayouzuia mkono wa juu usishuke zaidi. Gari limepanda mpaka mkono umeikaribia au umeilalia raba hiyo, basi kila tairi linapotaka kushuka kwenye shimo linagota.

Legeza mpaka uone nafasi ya wazi kati ya mkono na raba gari likiwa limesimama chini. Kabla ya kugusa boliti, weka alama ya rangi kwenye nyuzi zake, na uinue mbele kwa jeki ili uzito utoke. Boliti inayokazwa chini ya mzigo hula nyuzi. Usitegemee kuhesabu mizunguko, kwa sababu upande wa kulia na wa kushoto huchoka tofauti. Pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, ili upepo wa matairi usikudanganye. Kila ukishusha jeki, endesha mita chache mbele na nyuma kabla ya kupima, maana matairi yakishushwa hubaki yamejibana na gari huonekana refu kuliko lilivyo.

Nyuma nitumie bloku (kipande cha kuweka kati ya springi na ekseli) au shakeli ndefu (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasi)? Kuna anayeniambia kipande cha mninga kinatosha.

Mbao usitumie kamwe. Hunywea ikikauka na kupasuka ikibanwa, yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zinalegea, na ekseli inahama gari likiwa barabarani.

Bloku ya chuma yenye pini chini na tundu juu la kupokea kichwa cha senta boliti (boliti ya katikati ya majani ya springi) ni sawa kwa nyuma. Moja tu kila upande. Kubebanisha mbili hapana. Bloku ya 40 hupandisha 40. Shakeli hutoa nusu: ukiirefusha kwa milimita 50 unapata 25, na ekseli inageuka kidogo. Kwa anayebeba mzigo kila siku tunapendelea jani la springi liongezwe, kwa sababu linapandisha na kusaidia kubeba kwa pamoja.

Yuboliti ziwe mpya na ndefu za kutosha. Za zamani zimeshavutika, hazishiki tena inavyotakiwa. Kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha rudia baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500.

Sasa lile linalosahaulika na ambalo ni la hatari kuliko yote. Hilux nyingi zina vali ya breki juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Vali hiyo hupima mzigo kwa umbali kati ya chasi na ekseli. Ukiinua nyuma, inaamini gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma, hata ukiwa umebeba tani moja. Fimbo hiyo ishikizwe upya kwa kuongeza kipande chenye urefu uleule uliopandisha. Kagua pia mpira wa breki ekseli ikining'inia: usivutike.

Bushi zangu (raba za viungo vya mikono) zilikuwa mpya, zimechanika miezi mitatu baada ya kuinua.

Zilikazwa gari likiwa juu ya jeki. Raba ya bushi imeshikamana na bomba la ndani na la nje, na haizunguki bali hujisokota. Ukikaza boliti mkono ukiwa umening'inia, gari likishuka raba inabaki imesokotwa muda wote. Boliti zote za bushi zifungwe kwa mkono tu, gari lishushwe, liendeshwe kidogo, ndipo zikazwe matairi yakiwa yamebeba uzito.

Lazima wili alaimenti (kupima na kurekebisha mwelekeo wa matairi)?

Lazima, siku hiyohiyo. Mbele ikipanda, matairi hubadilisha mwelekeo, na tairi jipya laweza kulika upande mmoja ndani ya wiki chache. Mwambie fundi wa mashine apime na kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao tairi hugeukia. Ikipungua, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari linatangatanga kwenye lami.

Kwenye Land Cruiser 79, yenye ekseli nzima na koili mbele, kasta hupungua kwa sababu ekseli inageuka pamoja na mikono yake. Alaimenti ya kawaida haiwezi kuirudisha. Zinatakiwa bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni.

Likiondoka linatetema chini ya sakafu, kisha linatulia.

Propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) ya vipande viwili imebadilika pembe. Jaribu kushusha kishikio cha beringi ya kati kwa washa nene za milimita 5 hadi 10. Ikizidi kutetema, angalia krosi (viungo vya shafti hiyo).

Nikipandisha 50, difu (sanduku la gia za ekseli) nayo itapanda?

Ya mbele ndiyo, kwenye Hilux na D-Max, kwa kuwa imefungwa kwenye chasi. Ya nyuma haisogei hata milimita moja, maana iko ndani ya ekseli inayokaa juu ya matairi. Kinachoiinua ni tairi kubwa tu: ukiongeza kipenyo kwa milimita 40, difu inapanda 20. Kwa hiyo kama unachogonga njiani ni difu ya nyuma, pesa ya spesa iweke kwenye matairi. Na ukiinua mbele, mwanga wa taa ushushwe jioni hiyohiyo kwa kuupima ukutani, kabla hujawapofusha wanaokuja mbele yako.