Maswali ya Wasomaji: Taa Nyeusi ya Mikono Mitatu

Swali: Mhariri, salamu nyingi. Nimerithi kwa marehemu mjomba wangu taa ndefu ya kusimama sakafuni, nyeusi, yenye mikono mitatu myembamba ya chuma, na kila mkono umebeba kofia yenye umbo la titi. Rafiki yangu mmoja ameshikilia kuwa hiyo ni kazi ya Mfaransa aitwaye Serge Mouille. Rangi imechubuka, kofia moja imebonyea kidogo na waya umekakamaa. Ningependa kujua huyo Mouille ni nani, nitatambuaje kama taa ni yake kweli, na je, niipeleke kwa fundi aipake rangi upya?

Jibu: Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa kosa lake likishafanyika halirudi nyuma. Tafadhali usiipake rangi. Rangi ya zamani, hata ikiwa imechubuka, ni sehemu ya ushahidi wa umri wa taa na wa mkono ulioitengeneza, na mtaalamu anayeombwa kuikagua huitazama mapema sana. Ukiikwangua kwa msasa na kuipulizia rangi mpya inayong'aa, utakuwa umefuta ushahidi huo na kupunguza thamani yake kwa pamoja. Ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kisha iache.

Sasa kuhusu mtu mwenyewe. Serge Mouille alizaliwa Paris mwaka 1922, na jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni kwamba hakuanza na taa. Alisomea ufuaji wa fedha, yaani kutengeneza vyombo kwa madini ya fedha, akafanya kazi katika karakana ya Gabriel Lacroix, na baadaye akawa mwalimu wa ufundi huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Jacques Adnet, aliyeongoza Compagnie des Arts Français, kampuni ya samani na mapambo ya nyumba, alimwomba abuni taa kubwa yenye mikono kadhaa kwa ajili ya wateja wa Amerika ya Kusini. Wakati huo taa za Kiitaliano zilikuwa zimelijaa soko, na Mouille aliziona zina mambo mengi kupita kiasi. Jibu lake likawa taa ya mikono mitatu, yenye kimo cha zaidi ya mita mbili, ambayo ukiitazama kwa mbali ni kama mistari michache iliyochorwa hewani.

Ufundi wa mfua fedha unaonekana zaidi kwenye kofia. Ni bati jembamba la alumini lililofuliwa likapinda, jeusi lisilong'aa kwa nje na jeupe kwa ndani, na ile chuchu unayoiona haikuwekwa kwa pambo tu. Humo ndimo holda ya balbu inamojificha, ili mwanga ugonge ule weupe wa ndani na kusambaa badala ya kukuchoma macho. Kofia imeshikwa na kiungo cha mviringo cha shaba ya manjano, na kwa kiungo hicho unaigeuza juu, chini au pembeni upendavyo. Nimewahi kushika kofia moja ya namna hiyo mkononi: ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, na nilipoielekeza dirishani niliona kwa ndani mawimbi madogo sana ya bati, ambayo kidole kiliyahisi kabla ya jicho.

Hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi wako. Linganisha kofia zako tatu, moja baada ya nyingine. Zikiwa zinafanana kabisa kama vikombe vilivyotoka kiwandani, na viungo vikiwa vya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, basi una nakala, na nakala za taa hii ni nyingi mno. Usitegemee saini peke yake. Baada ya Mouille kufariki mwaka 1988, mjane wake alisimamia kurejeshwa kwa uzalishaji, na taa hizo mpya zilizoidhinishwa hutolewa zikiwa na namba na saini. Ni kazi halali na nzuri, lakini si za miaka ya 1950. Kwa hiyo tafuta pia karatasi za mjomba wako. Stakabadhi, barua, hata picha ya sebuleni inayoionyesha taa miaka hiyo, vina uzito mkubwa. Jina ninalokushauri uliangalie humo ni la Steph Simon, mwenye duka la Paris lililofunguliwa mwaka 1956 na kuuza taa za Mouille pamoja na samani za Charlotte Perriand na Jean Prouvé.

Waya uliokakamaa ni jambo jingine kabisa, nao haufai kuvumiliwa. Taa hii ni ya chuma kuanzia mguu hadi kofia, hivyo gamba la waya likipasuka umeme unaweza kuingia kwenye mwili wake wote. Usiichomeke tena mpaka fundi umeme abadilishe waya na kuunganisha waya wa ardhi. Mwambie asitoboe tundu jipya popote, na vyote atakavyovitoa, yaani waya, holda na swichi, uvitie kwenye mfuko na kuvihifadhi. Kofia iliyobonyea usiigonge mwenyewe. Alumini iliyofuliwa hadi kuwa nyembamba hupasuka ikilazimishwa, na mfua fedha ndiye ajuaye kuirudisha.

Swali: Ninayo taa ya aina hiyo, toleo jipya lenye namba. Mwanga wake ni mkali mno ninaposoma. Nifanyeje?

Jibu: Mara nyingi tatizo huwa ni balbu ndefu inayochungulia nje ya kofia. Tumia balbu fupi ya LED yenye mwanga wa manjano, ambayo pia haitapasha moto rangi. Kisha geuza kofia mbili zielekee ukutani na darini, na ile ya tatu iteremshe ikuangazie kitabu kutoka nyuma ya bega.